Kabla Hujala Kiapo cha Jeshi la Wengine

Kijana wa Matai mwenye shangazi Mbala anaweza kuvuka mpaka pale Kasesya asubuhi, akala mchana kwa shangazi, na kurudi kwao kabla giza halijaingia. Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili, na mstari waliouchora Wajerumani na Waingereza haujawahi kuwazuia kuoana, kuzikana wala kuuziana mahindi. Kwa hiyo Jeshi la Zambia likitangaza kwamba linatafuta kuruta, tangazo hilo linasomwa upande huu pia, kwenye simu. Na shangazi ana huruma. Anamwona mtoto wa kaka yake amemaliza kidato cha nne, amelima misimu kadhaa, bei ya gunia imeanguka, na bado hana kitu. Anamwambia, "Njoo mwanangu, kitambulisho tutakitafuta."

Nawaandikia kijana huyo na wenzake wa Sumbawanga mjini, Laela, Namanyere na Kirando wanaotazama mbali zaidi ya Mbala: Uingereza, Ufaransa, Urusi. Nawaandikia pia wazazi, maana mara nyingi mzazi ndiye anayeuza ng'ombe ili nauli ipatikane. Simwiti mtu msaliti. Kutafuta maisha si kosa, na uaskari ni kazi ya heshima. Ninachoomba ni kwamba kabla hujauliza mshahara ni kiasi gani, uulize ni nani atakayewajibika kwako siku mambo yakiharibika.

Tuanze na sheria ya kwetu, kwa sababu wengi huifikia mwisho. Januari 2023 Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt. Stergomena Tax, aliwakumbusha Watanzania hadharani kwamba sheria ya nchi hairuhusu raia kujiunga na jeshi la nchi nyingine. Aliyasema hayo akitangaza msiba ambao nitaufikia baadaye. Kwa hiyo dalali akikwambia "serikali yenu haina shida", mjibu kwamba serikali imeshatamka. Ukitaka uhakika wa hali yako mwenyewe, nenda Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa au kamwone wakili. 

Jambo la pili ni uraia. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Chini ya Sheria ya Uraia ya 1995, mtu mzima anayejipatia uraia mwingine kwa hiari yake anapoteza wa kwetu. Zambia ni tofauti: tangu marekebisho ya katiba ya 2016, Mzambia anaweza kuwa na uraia mwingine. Hapo ndipo watu wa mpakani wanapochanganyikiwa. Wanasikia ndugu zao wa Mbala wakisema mambo hayo ni ruhusa, na kweli ni ruhusa, lakini kwa upande wao. Sheria inayokubana wewe ni ya upande ulikozaliwa.

Sasa tumtazame vizuri yule kijana wa Matai. Jeshi la Zambia huandikisha raia wa Zambia, na mwombaji huonyesha kadi ya taifa ya kule, ile wanayoiita NRC, pamoja na cheti cha darasa la kumi na mbili. Ikiwa mama yake ni Mzambia kweli, ana hoja, lakini hoja hiyo ina gharama. Aliyezaliwa na uraia wa pande mbili hutakiwa na sheria yetu kuchagua akishafikisha miaka 18, na akichagua Zambia amechagua. Ikiwa mama yake si Mzambia na shangazi "anaitafuta" kadi kwa mwenyekiti wa mtaa anayefahamiana naye, basi anaingia jeshini akiwa amebeba uongo mfukoni. Jeshi huchunguza watu wake, mara nyingine baada ya miaka mingi. Siku ikigundulika kwamba shule ya msingi alisoma Kalambo ya Tanzania, hatakuwa kijana aliyetafuta kazi. Atakuwa mgeni aliyejipenyeza kwenye jeshi la nchi nyingine kwa karatasi za kughushi. Ni shitaka baya hata nchi zikiwa marafiki. Na shangazi aliyemsaidia atasimama naye kizimbani.

Akirudi nyumbani pia mlango umefungwa. Matangazo ya ajira ya JWTZ husema mwombaji awe raia wa kuzaliwa na asiwe amewahi kutumikia hata Polisi au Magereza. Kama askari magereza wa hapahapa Sumbawanga hapokelewi, fikiria aliyekula kiapo Zambia.

Kuna suala la ardhi ambalo sisi wa Ufipa tunapaswa kulipima kuliko wengine. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Hadhi maalumu iliyoanzishwa kwa watu wenye asili ya Tanzania walioko nje imelegeza mambo, lakini ni hadhi inayoombwa na kutolewa kwa masharti, na haimrudishii mtu uraia. Mtoto aliyekwenda kutafuta pesa ili aje apanue shamba la baba yake anaweza kurudi akiwa mtu anayehitaji kibali ili aguse shamba hilohilo. Katika familia yenye ndugu wengi na ekari chache, msitegemee kwamba kila mmoja ataufumbia macho udhaifu huo.

Wazee wetu walishayaonja haya. Ngome ya Wajerumani pale Kasanga, waliyoiita Bismarckburg, ilikuwa na askari Waafrika waliokula kiapo kwa mfalme wa Ujerumani. Vita ilipofika 1916, askari hao na wapagazi wao waliburuzwa nchi nzima na ng'ambo ya Ruvuma. Jeshi la kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, lilikuja kuweka silaha chini Novemba 25, 1918, Abercorn, yaani Mbala hiyohiyo ya shangazi. Kamanda alirudi kwao akapokewa kwa gwaride. Askari Waafrika waliobaki wakimdai mshahara walisubiri miaka mingi, na Ujerumani Magharibi ilikuja kuwafikiria wazee waliosalia katika miaka ya 1960, nchi ikiwa imeshajitawala. Katika Vita vya Pili wajukuu zao waliingia Keya (King's African Rifles) upande wa Waingereza na kufika hadi Burma. Kiinua mgongo chao kilipangwa kwa rangi: Mzungu alipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Waliofanya hesabu hizo walikuwa makarani ofisini, kwa utulivu kabisa, na nyaraka zao zipo.

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya ukoloni. Basi tutazame nchi huru na jirani yake. Raia wa Ayalandi wanaruhusiwa hadi leo kuingia jeshi la Uingereza, na wengi wamefanya hivyo tangu enzi za mababu zao. Lakini wakati wa Vita vya Pili nchi yao haikuwa upande wowote, na askari wake wapatao 5,000 walitoroka kambini wakaenda kupigana na Hitler chini ya bendera ya Uingereza. Nani leo atasema walikosea kupigana na Hitler? Hata hivyo, 1945 serikali yao iliwafukuza jeshini kwa amri moja, na kuwafungia ajira za umma kwa miaka saba. Msamaha ulipitishwa na bunge lao mwaka 2013, wengi wao wakiwa wameshazikwa. Kosa walilohesabiwa lilikuwa moja: walikuwa tayari wana kiapo cha nyumbani. Kama wewe ni mtumishi wa chombo chochote cha ulinzi hapa nchini na unafikiria kutorokea pengine, soma habari yao mara mbili.

Uingereza ndiyo njia ya wazi inayoulizwa zaidi, kwa sababu Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza iliondoa sharti la kuishi kwao miaka mitano kabla ya kuomba, na ikaweka ukomo wa watu 1,350 kwa mwaka kutoka Jumuiya nzima, kwa majeshi yao yote matatu. Pima idadi hiyo na nchi zinazoigombea: Fiji, Ghana, Nigeria, Kenya. Mlango hufungwa na kufunguliwa kulingana na mahitaji, na mahali pa kujua ni kwenye tovuti ya jeshi lenyewe tu. Maombi ni bure na mwombaji hujaza mwenyewe. Viza na nauli ya kwenda kwenye usaili ni juu yako, na ukishindwa kipimo cha afya hakuna anayekurudishia. Kambi yao ya mafunzo iliyopo Nanyuki, Kenya, haiandikishi mtu. Anayekwambia ana "konekshen" Nanyuki anataka kula pesa yako.

Tuseme umefaulu. Kuna jambo ambalo makuruta hawaelezwi vya kutosha. Mwanajeshi wa Jumuiya ya Madola akiwa kazini hana tatizo la uhamiaji, lakini siku anayotoka jeshini saa inaanza kuhesabu. Akiwa ametumikia angalau miaka minne anaweza kuomba kibali cha kudumu cha kuishi, na lazima aombe mwenyewe. Baada ya kuachishwa hupewa siku 28 tu. Mwaka 2020 askari wastaafu wanane wa Fiji waliipeleka serikali ya Uingereza mahakamani, baadhi yao wakiwa wamepigana Iraki na Afghanistan, wakilalamika kwamba hakuna aliyewaeleza utaratibu huu na sasa wanahesabiwa wahamiaji haramu. Ada ya maombi wakati ule ilikuwa pauni 2,389 kwa kila mtu, mke na watoto wakihesabiwa mmoja mmoja. Tangu Aprili 2022 waliotumikia miaka sita au zaidi wameondolewa ada yao wenyewe. Hatua hiyo haikuigusa ada ya familia. Kumleta mke kutoka Sumbawanga kunahitaji pia kipato kisichopungua kiwango kilichowekwa. Andika masharti hayo kwenye daftari siku ya kwanza ya depo. Sajini wako hatakukumbusha.

Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa hupokea wanaume wa nchi yoyote, wenye umri kuanzia miaka 17 na nusu hadi 39 na nusu. Mkataba wa kwanza ni miaka mitano. Hakina wakala duniani, hakitumi barua ya mwaliko, hakisaidii viza: mtu hujipeleka mwenyewe mlangoni, Ufaransa. Kwa hiyo barua yoyote ya mwaliko ya Kikosi hicho inayouzwa mtandaoni ni ya uongo, hata iwe na mihuri mizuri namna gani. Marekani nayo haimwandikishi mtu aliye Tanzania. Inataka uwe tayari mkazi wa kudumu, mwenye Green Card. Ukiipata, utazungumza na ofisa wao ukiwa kwao.

Hizo ni njia zinazotajwa waziwazi kwa jina la jeshi. Zinazonitia hofu zaidi ni zile ambazo neno jeshi halitajwi.

Mtanzania Nemes Tarimo alikwenda Urusi 2020 kusoma shahada ya uzamili. Akafungwa huko, na akiwa gerezani akapewa sharti: jiunge na kundi la mamluki la Wagner, ulipwe, na vita ikiisha uwe huru. Alikubali, akauawa Ukraine Oktoba 2022. Mwili wake ulifika Dar es Salaam Januari 2023, na huo ndio msiba uliomfanya waziri atoe tamko lile. Mwezi mmoja kabla ya kifo chake alikuwa ameuawa Mzambia, Lemekhani Nyirenda, naye mwanafunzi, naye aliyetolewa gerezani Urusi. Vijana wawili wa nchi zinazopakana hapa kwetu waliondoka kwenda chuo.

Baada ya hapo mtindo ulibadilika, hata gereza halikuhitajika tena. Septemba 2025 polisi wa Kenya waliwakuta zaidi ya vijana 20 wamewekwa kwenye nyumba za kupanga Athi River, wakingoja kusafirishwa kwenda Urusi. Novemba mwaka huo serikali ya Kenya ilisema raia wake zaidi ya 200 wako kwenye jeshi la Urusi, na kwamba wengine waliahidiwa hadi dola 18,000 za viza, nauli na malazi. Mwezi huohuo Ukraine ilitaja Waafrika 1,436 kutoka nchi 36. Waliorudi au kutekwa wanasimulia habari zinazofanana: kazi ya udereva, ya ulinzi, ya usafi, hata mashindano ya riadha, wamefika, wamewekewa karatasi za Kirusi mbele, wamesaini, na baada ya mafunzo ya siku chache wako kwenye mahandaki.

Kuna jambo moja kuhusu mikataba hiyo ambalo kijana anapaswa kulijua hata asipojua neno jingine la Kirusi. Wanakwambia ni mwaka mmoja. Lakini amri ya Rais Putin ya Septemba 21, 2022 iliendeleza mikataba ya wanajeshi bila kujali tarehe iliyoandikwa, na mkataba ukifika mwisho haukuachii. Mwaka mmoja wa mdomoni hauna thamani ukikutana na amri ya rais.

Wasichana nao wana mtego wao. Mpango unaoitwa Alabuga Start umewatangazia wasichana wa Afrika wenye umri wa miaka 18 hadi 22 masomo na kazi za hoteli na upishi katika Tatarstan, Urusi. Mwaka 2024 waandishi wa habari wa AP walifichua kwamba wengi wao walikuwa wakiunganisha ndege za vita zisizo na rubani kiwandani. Aprili mwaka huohuo Ukraine ilishambulia eneo hilo, na bweni la wafanyakazi likapigwa. Binti hakushika bunduki wala hakula kiapo, na bado amelala ndani ya shabaha.

Kazi ya ulinzi Uarabuni nayo ichunguzwe. Waganda maelfu walilinda kambi za Wamarekani Iraki, na wengi walirudi salama na nyumba wakajenga. Sipendi kuwatisha watu kwa kila kitu. Lakini mwaka 2024 wanajeshi wastaafu wa Kolombia walioajiriwa kwa kazi ya ulinzi Falme za Kiarabu walijikuta Darfur, Sudan, wakipigana. Mlinzi halali ana mkataba unaotaja mahali pa kazi kwa jina. Mkataba unaosema "mahali popote mwajiri atakapoelekeza" usiusaini.

Na kama ukikamatwa? Mwanajeshi aliyeandikishwa rasmi katika jeshi la nchi hulindwa kama mateka wa vita. Mamluki, kwa mujibu wa Itifaki ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, hana haki hiyo, na Afrika yenyewe ilipitisha mkataba wake dhidi ya umamluki Libreville, 1977. Kipi ulikuwa kati ya hivyo viwili kitaamuliwa na waliokukamata, wakisoma karatasi ambazo hukuzielewa uliposaini.

Kwa hiyo, kwa vitendo. Kazi ya nje halali hupitia mawakala waliosajiliwa na serikali, na ofisi ya serikali ya huduma za ajira, TaESA, inaweza kukuthibitishia jina la kampuni. Dalali asiyetaka jina lake lithibitishwe amejibu swali lako. Ukiombwa uwaambie Uhamiaji kwamba unakwenda "kutembea" wakati unakwenda kazini, hapo pia umejibiwa. Mkataba uletwe kwa Kiswahili au Kiingereza kabla ya safari, ukiwa nyumbani, na mtu asiye na faida katika safari yako ausome. Nauli ikilipwa yote na mtu usiyemjua, uliza atairudishaje. Hakuna anayekununulia tiketi ya ndege kwa sababu amependa sura yako. Pasipoti yako asikae nayo mtu mwingine, hata kwa siku moja. Usafirishaji haramu wa binadamu ni kosa tangu sheria ya 2008, na anayekusanya vijana kwenye nyumba ya kulala wageni pale stendi ya Katumba Azimio, Sumbawanga, anaweza kuripotiwa polisi kabla basi la Tunduma halijaondoka. Wazazi wasione aibu kuripoti eti wataonekana wanamzibia mtoto riziki.

Kuhusu njia ya nyumbani sitasema mengi, na sitaipamba. JKT, iliyoanzishwa Julai 10, 1963, ina kambi yake Milundikwa, Nkasi, na nafasi za kujitolea hutangazwa kupitia ofisi za wilaya na mkoa. Ni bure kabisa, na jeshi lenyewe hutahadharisha kila mwaka juu ya matapeli wanaouza nafasi. JKT pia husema wazi kwamba haitoi ajira. Vijana wengi hutoka huko na ujuzi wa kilimo au ufundi na hurudi mtaani kusubiri. Wanaokata tamaa naelewa kwa nini. Lakini aliyesubiri bado ana uraia, ana shamba la ukoo, na mwaka kesho anaweza kuomba tena kama umri haujapita.

Wapo watakaokwenda hata baada ya kusoma haya, na kwao nina ombi la mwisho, la nyaraka na mawasiliano. Acha nyumbani nakala ya pasipoti, viza na mkataba, kwa mtu mzima mmoja na kwa mtendaji wa kijiji pia. Andika jina kamili la aliyekupokea na namba zake. Ukifika jisajili kwenye ubalozi wetu. Upo Moscow, upo London, upo Paris. Ukipewa namba ya kikosi, itume siku hiyohiyo, kwa sababu familia inayotafuta mtu jeshini bila namba ya kikosi hutafuta miezi. Mtaje ndugu wa karibu atakayepigiwa simu, na umwambie kwamba umemtaja. Mkubaliane siku ya kupiga simu, iwe moja kila wiki, na neno moja la kifamilia ambalo ukilitamka wajue hauongei kwa hiari yako. Wiki mbili zikipita kimya, baba asingoje ya tatu: aende Ofisi ya Mkuu wa Wilaya na zile nakala mkononi, aombe barua ipelekwe Wizara ya Mambo ya Nje.